Maji Ambayo Babu Hakuyavuka

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa Kasulu. Huku kwetu bahari ni habari ya kusimuliwa. Tuna milima, tuna migomba, tuna maharage na baridi ya asubuhi, na tukiteremka mpaka Kigoma mjini tuna ziwa. Lakini bahari hatuna. Kwenda Tanga kutoka hapa ni kuikata nchi yote, kutoka ukingo wa magharibi mpaka ukingo wa mashariki. Sasa utaniuliza, kijana wa Kasulu, Mkondo wa Pemba unakuhusu nini wewe? Tulia nikueleze.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Kwa wale ambao hawajalisikia neno hili, manamba ni vibarua waliochukuliwa mikoani kwenda kukata mkonge, na waliitwa hivyo kwa sababu kila mtu alipewa namba. Jina lako unaliacha nyumbani na mama yako, huko mbele wewe ni tarakimu. Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala la watu hao. Serikali ya Mwingereza haikutaka tulime kahawa nyingi wala pamba, ilitaka mikono. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikaitwa SILABU, na malori yake yakawa yanapanda vilima vyetu kutafuta vijana. Babu aliandikishwa mwaka 1953. Lori mpaka Kigoma, treni ya reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha lori tena mpaka Korogwe, mpaka shamba moja njia ya Muheza. Alikaa huko miaka minane.

Alipenda kusimulia mambo matatu ya huko. La kwanza ni korona. Hapana, si ule ugonjwa! Korona ilikuwa mashine ya kukwangua majani ya mkonge yakabaki nyuzi, na kiwanda chote kikaitwa kwa jina lake. Mwaka 2020 redio ilipoanza kutangaza korona, babu alikuwa kitandani karibu na kufa, akauliza, "Imefika mpaka huku?" La pili ni kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyoshindwa kumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa, kwa hiyo mwezi wa kipande ungeweza kuwa miezi miwili ya jua. La tatu ni bahari.

Jumapili moja yeye na mwenzake kutoka Kibondo walipata lifti mpaka Tanga mjini. Wakaenda moja kwa moja ufukweni. Babu alikuwa analijua Ziwa Tanganyika, kwa hiyo maji mengi hayakumtisha. Akainama, akachota kwa viganja, akanywa. We acha tu! Akatema, akakohoa, na watoto wa Kidigo waliokuwa wanacheza pale wakamcheka mpaka wakakaa chini. Mwenzake akamwuliza, "Hii chumvi yote nani kaiweka humu?"

Swali hilo usilicheke. Chumvi kwetu ilikuwa mali. Uvinza, chini ya nchi yetu, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha pale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walitoka mbali, wakakata kuni, wakakesha na vyungu, wakabeba mzigo kichwani siku nyingi kwenda kubadilishana. Halafu unafika mahali unakuta chumvi imelala tu, haina mwenyewe. Babu aliporudi Kasulu mwaka 1961 na kusimulia kwamba ameona maji yasiyo na ng'ambo na yote ni chumvi, walimwona mwongo. Bibi yangu mwenyewe hakuamini. Alisema manamba wote wakirudi wanakuwa na maneno mengi.

Na yule wa Kibondo? Huyo hakurudi. Mwaka 1957 vipande vyake viliisha, akasikia kwamba ng'ambo ya maji, Pemba, kuna karafuu, na mchumaji analipwa kwa pishi, hana namba wala nyapara wa kupigia kelele. Akamwambia babu twende. Babu akaogopa. Mwenzake akapanda jahazi jioni, na hapo ndipo habari yake inapokatika. Ndugu zake wa Kibondo walikuja kumwuliza babu mara nyingi, miaka na miaka, na babu alikuwa na jibu moja tu, "Alivuka."

Mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nauza vocha na kutoa fotokopi hapa mjini, na usiku naandika. Riwaya yangu ya kwanza nilitaka iwe ya mtu huyo. Nikaandika kurasa kumi na mbili, nikafika pale jahazi linapong'oa nanga, nikakwama. Sikujua linaelekea wapi. Sikujua yale maji ni mapana kiasi gani, upepo unatoka wapi, nani alikuwa anatawala huku na nani kule. Nikagundua siwezi kumvusha mtu maji nisiyoyajua. Nikaacha riwaya, nikaanza kusoma. Haya unayosoma ndiyo niliyoyapata.

Kwanza upana. Kutoka pwani ya Tanga mpaka Pemba ni kama kilometa 50 hivi. Sasa wewe wa Kigoma sikiliza hapa. Ziwa letu nalo, ukilipima kwa wastani, upana wake ni kama kilometa 50 hizo hizo! Yaani jahazi la yule bwana lilikuwa na safari sawa na ya kutoka kwetu kwenda Kongo. Lakini sisi asubuhi ikiwa safi tunaiona milima ya Kongo imesimama pale kama jirani. Ukisimama Tanga huioni Pemba. Kisiwa kile ni cha vilima vifupi, kilima chake kirefu ni kama mita mia moja tu, bahari inakimeza. Ndiyo maana babu alisema maji yasiyo na ng'ambo. Ng'ambo ilikuwepo, macho ndiyo hayakufika.

Kina nacho ni ajabu. Wengi wanadhani Unguja na Pemba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Kati ya Bagamoyo na Unguja bahari ni ya kina kifupi, na zama zile za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, maji ya bahari duniani yaliposhuka zaidi ya mita mia moja, Unguja ilikuwa imeshikana na bara, mtu angetembea kwa miguu. Ndiyo sababu Unguja kulikuwa na chui. Pemba chui hakufika, kwa kuwa kati yake na bara kuna shimo linalofika mita 800 hivi, na kisiwa hicho kimekuwa peke yake kwa mamilioni ya miaka. (Ziwa letu lina mita 1,470, lakini tusijisifu sana.) Humo kwenye giza la chini mwa maji ya Tanga anaishi samaki silikanti. Wataalamu waliamini kwamba alikwisha pamoja na madinosaria, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga wakawa wanamtoa kwenye nyavu zao mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kitu kilichodhaniwa kimekufa zamani, kumbe kipo tu, kinaishi mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mtu wa Kibondo.

Halafu kuna mkondo wenyewe. Mlango huu wa bahari watu wanauita kwa jina la maji yanayotembea ndani yake, na yanatembea kweli. Yanakwenda kaskazini mwaka mzima, hayapumziki, na wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, yanazidi nguvu kwa kuwa upepo nao unayasukuma. Kaskazi ikivuma, tangu Desemba mpaka Machi, upepo na maji vinagombana. Nahodha wa Tanga anayekwenda Pemba hawezi kuelekeza omo penye kisiwa akalala. Akifanya hivyo atajikuta kaskazini kwenye maji ya Kenya. Inabidi alenge mahali asipokwenda ili afike anapokwenda. Naipenda sana hesabu hiyo.

Watu wamekuwa wakiifanya zamani sana. Miaka kama elfu mbili iliyopita mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, jina hatunalo, aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaelekeza mabaharia pwani yetu. Anataja kisiwa kinachoitwa Menouthias, kimelala chini na kina miti mingi, wenyeji wake wana vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba na wanavua kasa. Wasomi bado wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi kura yangu naipa Pemba, kwa kuwa Waarabu nao baadaye waliiita Kisiwa cha Kijani, lakini kura ya muuza vocha haihesabiwi.

Jambo lisilo na ubishi ni hili, kwamba Pemba haikuwa kisiwa cha pembeni kilichosahaulika. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa kisiwa, ule unaotazama mkondo, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa hapa hapa pwani, na chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Karibu miaka elfu moja iliyopita! Shuleni nilifundishwa kwamba fedha tuliletewa na mkoloni.

Tarehe nyingine ni Aprili 1498. Vasco da Gama anapanda kaskazini, hajui anakwenda wapi, na chombo chake kimoja, São Rafael, kinapanda mwamba mbele ya pwani ya Tanga. Watu wa pwani walikwenda kuwatazama kwa mashua, na mashua moja ilikuwa na machungwa ambayo Wareno wenyewe walikiri ni mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa chombo kikaelea, wakaendelea mpaka Malindi na India. Januari 1499 wakati wa kurudi wakapita pale pale, lakini sasa mabaharia wengi walikuwa wamekufa na ugonjwa, mikono haitoshi kuendesha vyombo vitatu. Wakahamisha vitu, São Rafael wakaitia moto. Nimejaribu kuifikiria picha hiyo kutoka upande wa wenyeji. Mgeni ameingia baharini kwako bila hodi, umempa machungwa, amerudi baada ya miezi, amechoma nyumba yake mwenyewe mbele ya macho yako na ameondoka bila kueleza. Kwa vijana mnaotafuta mada za hadithi, hiyo iko wazi, chukueni.

Miaka iliyofuata Pemba ikawa kapu la chakula. Mpunga wake ndio uliolisha Mombasa na askari wa Ngome ya Yesu. Aliyeishika Pemba alimshika Mombasa tumbo. Hilo Wamazrui wa Mombasa walilijua vizuri, na walipopokonywa kisiwa na watu wa Sayyid Said mwanzoni mwa miaka ya 1820, haikuchukua muda wakakimbilia kwa Waingereza kuomba ulinzi, mwaka 1824. Ukikatwa mkondo unakatwa ugali.

Sasa nafika mahali pazito, na hapa sitakwenda haraka.

Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu yake. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda, wenye mashamba wakapanda mikarafuu Pemba kama wehu, na mikarafuu inataka watu. Mwaka uliofuata tu, Juni 1873, Sultani Barghash akalazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini. Soko la Unguja likafungwa. Kwenye vitabu vyetu vya shule habari inaishia hapo, biashara ya utumwa imekwisha, swali la kumi na moja jibu ni Barghash. Kumbe ndipo Mkondo wa Pemba ulipoingia kazini. Watumwa hawakupelekwa tena hadharani. Walitembezwa kwa miguu kwenda kaskazini kuifuata pwani, mpaka Pangani na vijijini karibu na Tanga, wakafichwa vichakani, na usiku usio na mwezi wakavushwa. Kilometa hamsini. Jua linakuchwa uko bara, jua linachomoza uko kwenye mikarafuu.

Waingereza waliweka meli yao, London, Unguja, na mashua zake zikawa zinazunguka Pemba kuviziana na majahazi. Desemba 1881 nahodha wake mkuu, Charles Brownrigg, alikuwa kwenye mashua ndogo ya moshi na watu wachache tu, akalisogelea jahazi lililopandisha bendera ya Ufaransa. Bendera ile ilikuwa kama ngao. Mwingereza hakuruhusiwa kupekua chombo cha Mfaransa, na wenye majahazi walijua. Ghafla waliokuwemo wakawafyatulia risasi na kuwarukia. Brownrigg alipigana mpaka akauawa. Huyo ana jina na ana tarehe, vitabu vinamtaja. Wale waliokuwa wanavushwa hawana. Wengine walikuwa wametembea kutoka ziwani kwetu, kutoka Manyema na Ujiji, miezi mizima. Wao pia, kama yule bwana wa Kibondo, habari yao inakatikia majini. Utumwa wenyewe Unguja na Pemba ulipigwa marufuku mwaka 1897, na hata hapo ilibidi mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake.

Waha tulikuwa wapi wakati huo? Hatukuwa tumelala. Watemi wetu walikuwa wanatoza hongo misafara inayopita, na Stanley mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, alilipishwa mpaka akaamua kupita Uha usiku kimya kimya kama mwizi wa mahindi. Naliweka hili hapa kwa ajili ya heshima tu. Tuendelee.

Tarehe 1 Julai 1890 Mjerumani na Mwingereza walikubaliana Ulaya. Visiwa vikawa chini ya Mwingereza, pwani ya bara ikawa ya Mjerumani, na Sultani akalipwa marki milioni nne kwa pwani ambayo ilikuwa yake. Hakuna mvuvi aliyeulizwa. Jana unavua katikati ya mkondo, leo uko mpakani mwa dola mbili. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, akaleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Sitini na miwili tu! Ukitaka kujua kwa nini babu yangu alikuwa namba, anza na miche hiyo 62. Novemba 1914 vita vya wakubwa vikafika Tanga, Waingereza wakatoka baharini na askari kama 8,000, Wajerumani na askari wao Waafrika kama 1,000 wakawarudisha majini, na nyuki wakasaidia. Hayo mnayajua.

Mjerumani alishindwa vita, bara ikaingia mikononi mwa Mwingereza. Ungedhani sasa mkondo umekuwa wa mtu mmoja. Wapi! Tanganyika ilikuwa na Gavana wake Dar es Salaam, Unguja na Pemba zilikuwa na Sultani na Balozi Mkazi. Malkia mmoja, serikali mbili, na kati yake maji. Kwa hiyo mtu wa Kibondo alipopanda jahazi mwaka 1957 hakuhama shamba, alihama nchi. Na aliingia Pemba katika mwaka mbaya. Julai 1957 ndipo Zanzibar ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza, na kuanzia hapo watu wakaanza kuulizana kila kona: wewe nani, umetoka wapi, mwenyeji au mtu wa bara? Vyama viligawa hata maduka na mazishi. Mchuma karafuu anayeongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha alijibu nini? Mwaka 1959 alivuka kuingia Pemba kijana mwingine wa bara, kutoka Uganda, akafanya vibarua huko. Huyo alikuwa John Okello, na mnajua alichokuja kufanya Januari 12, 1964. Miezi mitatu baadaye, Aprili 26, bara na visiwa zikawa nchi moja. Mkondo ukawa, kwa mara ya kwanza tangu 1890, maji ya ndani. Ni ule mdomo wake wa kaskazini tu unaogusana na Kenya, na huko mpaka uliandikwa mwaka 1976.

Hapo ndipo nilidhani nimemaliza. Mwalimu wangu mmoja wa zamani, nilipomwonyesha rasimu, akaniambia, "Umeruka 2001." Nikamwambia sijui kitu cha 2001, nilikuwa sijaanza hata kuongea vizuri. Akasema, "Ndiyo maana nakwambia."

Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulileta ugomvi Zanzibar. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF walipoandamana, polisi walitumia risasi. Pemba ndiko kulikoumia zaidi. Tume ya serikali ilitaja vifo 31, mashirika ya haki za binadamu yalitaja zaidi. Rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2019, aliyakubali mauaji hayo kuwa doa kwenye uongozi wake. Lakini lililonisimamisha mimi ni jingine. Watu wa Pemba walishuka ufukweni, wakaingia kwenye mashua na ngalawa, wakavuka mkondo usiku. Hawakwenda Tanga. Walikwenda na maji kaskazini, mpaka Shimoni, Kenya. Zaidi ya watu 2,000. Huko wakaandikwa wakimbizi. Watanzania! Oktoba mwaka ule vyama viwili vikatia sahihi Muafaka na wengi walikuwa wamerudi, ila wengine walizidi kwenda mpaka Mogadishu, na wachache wao ndio waliorejeshwa nyumbani mwaka 2012.

Msomaji wa mjini labda hutaona kwa nini hili lilinikalisha chini. Nieleze. Mwaka ule ule wa 2001 Tanzania ilikuwa inahifadhi wakimbizi zaidi ya laki tano, na sehemu kubwa walikuwa kwetu. Nduta, Kanembwa na Mtendeli upande wa Kibondo, Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu. Sisi tumekua nao. Tumenunua mafuta ya kupikia ya mgao wao, tumecheza nao mpira, na tumewasema pia, tusidanganyane, kila kuku akipotea ni mkimbizi. Mwaka 2015 nikiwa sekondari Warundi walijaa Kagunga, kile kijiji cha ziwani chenye mlima mgongoni, makumi ya maelfu ya watu ufukweni, kipindupindu kikaingia, na ile meli ya zamani Liemba ikawa inawachukua kundi kwa kundi mpaka Kigoma, mabasi yakawapandisha Nyarugusu. Niliyaona mabasi hayo yakipita. Mama mmoja alikuwa amebana sufuria dirishani, hana mzigo mwingine. Nilifikiri, hawa ni watu wa aina yao, wamezaliwa kwenye nchi za kukimbiwa. Na kumbe nikiwa mgongoni mwa mama yangu, mama mwingine wa nchi yangu mwenyewe alikuwa anavuka maji yenye upana ule ule na sufuria yake. Hakuna aliyeniambia. Si shuleni, si redioni.

Basi mwaka 2023 nikadunduliza, nikaenda Tanga. Njiani kwenye kizuizi kimoja nikateremshwa peke yangu katika basi zima, nikaulizwa kama mimi Mrundi. Nikatoa kitambulisho, nikaulizwa jina la mtemi wa kwetu. Kijana wa Kigoma anayesoma hapa anacheka, anajua. Tanga nikapokewa na wajukuu wa manamba waliobaki. Wanaongea Kiswahili cha Kitanga kinachoteleza, lakini bado jirani zao wanawaita Waha.

Nikaenda Tongoni, kusini ya mji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya miaka mia tano na zaidi. Hapo ndipo karibu na mwamba wa São Rafael. Maji yalikuwa yamekupwa, kina mama wanatafuta kombe kwenye tope. Nikakaa na mzee mmoja anayeshona nyavu, nikamwamkia, nikamweleza habari ya mtu wa Kibondo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, Pemba watu wa bara wapo tele. Wameoa, wamezaa, wengine wamebadili na majina. Ukienda ukiuliza Muha, nani atakwambia mimi? Ungeniuliza mimi ningekataa." Nikamwuliza, je, ningeenda? Akatazama maji, akatazama viatu vyangu. "Nenda. Lakini usiende kuuliza. Kaa nao kwanza."

Nauli ya kwenda, kukaa na kurudi nilikuwa sina. Nilihesabu mara mbili pale pale juu ya jiwe. Kwa hiyo mimi pia, kama babu, niliishia Tanga. Ila nilichota maji ya mkondo kwenye chupa ya soda, nikafunga kizibo kwa nailoni, nikasafiri nayo hadi Kasulu. Bibi alikuwa anamenya maharage. Nikamwekea kidogo kwenye kikombe, nikamwambia onja. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akatema pembeni. Akakaa kimya akikiangalia kikombe.

"Kumbe hakutudanganya," akasema.